La Kuuza au la Kukaa Nalo?

Fundi bodi anayejua kazi yake haanzi na bei. Atalizunguka gari taratibu, atagonga mlango kwa kifundo cha kidole, atachungulia chini, kisha atauliza swali moja: "La kuuza, au la kukaa nalo?" Hapa Mwembesongo, Morogoro, kwenye gereji za chini ya miti ambazo unazisikia kwa nyundo kabla hujaziona, swali hilo huulizwa hadharani, mbele ya wapita njia, na sijaona anayeona haya kulijibu.

Jibu lako ndilo linaloamua kila kitu. Gari la kuuza lina njia yake. Palipobonyea panajazwa puti, palipotoboka panawekwa wavu na kufunikwa kwa puti hiyo hiyo, unapita msasa, praima, rangi, polishi, na siku chache baadaye gari linatoka likimetameta. La kukaa nalo ni kazi nyingine kabisa. Bati lililooza linakatwa mpaka ifikiwe sehemu iliyo nzima, kinapimwa kipande kipya, kinachomelewa, kinapakwa dawa ya kutu ndani na nje. Rangi inakuja mwisho, na mara nyingi inakuja ikiwa pesa zimebaki. Kazi ya kwanza unaiona yote kwa macho. Ya pili, sehemu yake kubwa imejificha chini ya kapeti na nyuma ya matairi, na shemeji yako akija kuliona gari atadhani umeibiwa.

Nimelifikiria swali hilo muda mrefu, na kila nikiligeuza naona lina kasoro moja. Gari la kuuza nalo kuna mtu atakaa nalo.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana Toyota Carina ya rangi ya fedha, namba A. Kwa msomaji aliye nje ya Tanzania, namba zetu za usajili huishia na herufi tatu, na ile ya kwanza ndiyo umri wa gari machoni pa watu. Tulianza na A, sasa tuko E. Dalali akishasema "hiyo ni namba D" amemaliza maelezo, mengine ni maneno ya kusindikiza. Lakini herufi hiyo inaeleza gari limesajiliwa lini hapa kwetu, haielezi limetengenezwa lini kule lilikotoka, kwa hiyo kuna magari mazee yanayotembea na herufi za ujana. Carina ya Mwalimu haina bahati hiyo. Namba A ni namba A, hata ukiipaka dhahabu.

Gari lenyewe linatembea. Injini imetulia, gia zinaingia. Shida iko kwenye bodi. Juu ya paa na kwenye boneti lile tabaka la mwisho linalong'aa, ambalo mafundi wanaliita klia, limebanduka kwa jua la miaka mingi na kuacha mabaka meupe. Madigadi ya mbele ina alama ya bodaboda aliyeteleza Msamvu na kuondoka kabla ya mazungumzo. Gari lina bima ndogo, ile inayowalipa watu wengine, kwa hiyo alama hiyo ni ya Mwalimu na mfuko wake. Mlango wa nyuma, chini kabisa, rangi imeinuka vilengelenge vidogo vidogo. Watu wanaopita huona mabaka ya boneti na kumpa pole. Fundi alipoliona, boneti hakuitazama hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye vile vilengelenge.

Kabla sijafika kwa fundi, kuna jambo la kusemwa kuhusu magari yetu kwa jumla. Karibu kila gari dogo linalopita Barabara ya Dar es Salaam hapa Morogoro lilishaamuliwa na mtu mwingine kwamba halistahili kuendelea kutunzwa. Japani gari la binafsi hukaguliwa kwa lazima, likiwa jipya baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, wanaouita shaken, una gharama zake, na chochote kitakachoonekana kibovu lazima kitengenezwe. Gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona bora achukue jingine, na lake linapelekwa mnadani, kisha melini. Sisi tunalipokea Dar es Salaam tukiliita jipya. Huko kazi ya mikono ni ghali na magari ni mengi. Huku mikono ipo na magari ndiyo ghali. Bati ni lile lile na kutu ni ile ile, ila hukumu imebadilika njiani baharini.

Ndiyo maana sikubaliani na hesabu inayopigwa vijiweni, kwamba rangi na bodi zikifika theluthi ya bei ya gari basi achana nalo. Bei gani? Dalali anakutajia bei ya kuliuza lilivyo, na kwa namba A bei hiyo ni ya kukutia huzuni. Lakini Mwalimu akiuza hatakaa na zile pesa; atatafuta gari jingine, na hapo atakutana na bei ya kununua. Serikali za hapa jirani zimeweka mipaka ya umri kwa magari yanayoingia: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, ila gari likizeeka linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa mtu wa pensheni, pengo kati ya bei ya kuuzia hili na bei ya kununulia jingine ndilo hesabu yenyewe. Ukilinganisha na pengo hilo, fundi bodi ni rahisi.

Kuna na njia ya tatu ambayo zamani ilikuwa ngumu: kuliacha lipumzike. Mpaka 2017 kila gari lilidaiwa ada ya leseni ya mwaka, litembee lisitembee, na deni likawa linapanda huku gari limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Katika bajeti ya mwaka ule ada hiyo ilifutwa na mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta. Tangu hapo asiyewasha gari hadaiwi ada hiyo. Nimeona magari kadhaa mtaani yamepumzishwa kwa amani, na kuku wametaga ndani yake. Mwalimu naye alifikiria hivyo, hasa tangu Juni 2024 treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro. Alikuwa akienda Dar kwa gari lake kutibiwa macho, sasa anapanda treni. Carina imebakiwa na kazi ya kumpeleka stesheni, sokoni, kanisani, na shambani kwake upande wa Mkundi. Mtu angesema basi umuhimu wa gari umepungua. Mimi naona umuhimu wake ndio umefafanuka. Gari lisilokwenda tena mwendo wa barabara kuu linahitaji vitu vichache, na unaweza kuvitaja kimoja kimoja.

Sasa turudi kwa fundi. Aliufungua ule mlango wa nyuma, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini. Huko kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, maana maji ya mvua hupita kwenye mpira wa kioo na kushuka ndani ya mlango. Yameachiwa njia ya kutoka. Vitundu vya Mwalimu vilikuwa vimezibwa na udongo mwekundu uliokauka. Fundi akachokoa na bisibisi, likatoka donge, likafuatwa na maji ya rangi ya chai. Mvua ilikuwa imekatika siku nyingi. "Mwalimu, maji haya ya masika," alisema, na Mwalimu akacheka kwa kukosa la kusema. Vilengelenge vile vilikuwa vimetokea ndani kuja nje. Bati lilikuwa limeliwa upande tusiouona, na rangi ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupata habari.

Kisha akainua kapeti upande wa dereva. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nene, safi, na ukiitazama huna wasiwasi nayo. Akachukua sumaku ndogo ya spika iliyokufa, akaiweka juu: ikashika. Akaisogeza karibu na kizingiti: ikadondoka. Akachukua bisibisi ile ile, akaisukuma kwa mkono mmoja bila nguvu, kama mtu anayebonyeza kengele, ikazama mpaka kwenye mpini. Chini ya ile nyeusi kulikuwa na puti, na chini ya puti hapakuwa na kitu. Mtu fulani, miaka mingi nyuma, aliulizwa "la kuuza au la kukaa nalo?" akajibu la kuuza, na Mwalimu amekuwa akikanyaga jibu hilo kila siku kwa mguu wake.

Puti haina kosa lolote mahali pake. Ni nzuri kwa kusawazisha mabonde madogo juu ya bati zima, safi, lililokwanguliwa. Lakini hunyonya maji, na ikiwekwa juu ya kutu inayaweka maji yale karibu na bati kwa miaka, gizani, pasipo upepo. Kwa hiyo iliyowekwa kuficha tundu hulipanua tundu. Wahenga walishasema kuhusu uzuri wa mkakasi, ila mkakasi haubebi wajukuu kwenda shule.

Hapa ndipo nilipoona jinsi tulivyozoea kuchanganya vitu viwili na kuviita kimoja, bodi. Kuna bati linalobeba na kuna bati linaloonekana. Sakafu, vizingiti, pale shokapu zinaposhikia, pale mkanda wa kiti ulipofungwa: hivi vinabeba. Boneti, madigadi, ngozi ya nje ya mlango, hivi kazi yake kubwa ni kuonekana. Gari lenye paa la mabaka na sakafu nzima ni gari. Lenye paa linalong'aa na sakafu ya puti ni hatari iliyovaa vizuri. Bahati mbaya pesa zetu huanza na kile kinachoonekana, halafu zinaisha.

Wanaopanda milima wameelewa jambo hili zamani, labda kwa sababu mlima hauna subira. Barabara za Uluguru, za kwenda Kinole na Matombo zinakotoka ndizi na nanasi, au Mgeta kwenye kabeji na karoti, hazijali rangi yako. Angalia Land Rover kuukuu yoyote inayofanya kazi huko. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma cha bati kilikuwa adimu baada ya vita, na hata rangi ya kijani ya zile za kwanza ilikuwa masalia ya rangi za ndege za jeshi. Alumini haishiki kutu nyekundu, basi watu wakadhani gari zima haliozi. Lakini chasisi ni chuma. Inaoza kimya kimya chini ya bodi isiyooza, na pale alumini inapogusana na chuma penye maji, alumini nayo inageuka unga mweupe. Wenye Land Rover wa milimani wanaiacha bodi na makunyanzi yake yote, kila panapogongwa panapigwa nyundo kidogo ili mlango ufunge, na pesa yao wanaishusha kwenye chasisi na springi. Mtu wa mjini anaziona chakavu. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwenye tamasha, za kila umri na kila hali, na nilipotazama picha macho yangu yaliganda kwenye zile zilizopauka.

Hata hivyo nisiisimange rangi kana kwamba ni upuuzi. Mke wa Mwalimu alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko tulivyotaka kukubali tukiwa tumesimama pale wanaume watupu. Binti yao wa mwisho alikuwa na send-off mwezi uliofuata. Wakwe watarajiwa walikuwa wanatoka Dodoma. "Mtawaonesha sakafu?" aliuliza. Hakuna anayefunua kapeti la mwenzake. Watu wanaisoma boneti, na wakiisoma wanajua wampe mzee kiti cha mbele au cha nyuma. Nimeshuhudia mlinzi wa ukumbi akimwelekeza mtu mzima akaegeshe mkweche wake kule nyuma ya majenereta, na yule mtu akatii, akarudi kwa miguu akifuta jasho la suti. Heshima ya namna hiyo ni ya juu juu, ndiyo, lakini aliyenyimwa hawezi kuambiwa hajanyimwa kitu. Rangi pia ni ngozi: bati lisilo na rangi kabisa litaoza, na boneti iliyobanduka klia haitasubiri milele.

Ila rangi nzuri ina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayorukwa kwanza pesa zikiwa haba. Kupuliza rangi yenyewe ni saa chache. Kazi iko nyuma yake, kwenye msasa wa maji, kwenye kukwangua mpaka kona ambazo mkono hauingii, kwenye kusubiri praima ikauke kweli. Ukipaka chini ya mwembe, vumbi na wadudu wanakuwa sehemu ya rangi. Ukipaka wakati wa mvua, tina inapokauka hulipoza bati, unyevu wa hewa unatua juu ya rangi mbichi na kuiacha na ukungu mweupe usiofutika. Na kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya fundi: rangi zinazochanganywa na hadina zina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazojulikana kuwaletea wapakaji pumu. Kinga yake ni barakoa inayoletewa hewa safi kutoka mbali. Vijana wengi wa kupiga rangi niliowaona wamejifunga kitambaa puani. Tukisema rangi ya mtaani ni rahisi, sehemu ya urahisi huo imelipwa na mapafu ya kijana wa miaka ishirini. Sijui namna ya kuiingiza hiyo kwenye hesabu ya Mwalimu, lakini kuitoa kabisa naona si haki.

Na ukibadilisha rangi, kumbuka kadi ya usajili. Rangi ya gari imeandikwa mle, na mabadiliko hupelekwa mamlaka ya mapato, TRA. Aliyegeuza gari la fedha kuwa jekundu kwa sababu tu fundi alikuwa na nyekundu iliyobaki, atakutana na maswali barabarani.

Vipo vyombo ambavyo swali la kustahili kutengenezwa halina maana kwavyo. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam, na masanduku yake yakapita hapa hapa Morogoro kwa reli ya kati kwenda Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza waliiinua 1924, wakakuta mitambo inafaa, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Wale mafundi walikuwa wakikiharibu chombo chao huku wakikitunzia mtu wasiyemjua, tena adui. Katika Ziwa Tanganyika hapakuwa na nyingine kama hiyo, basi kila kizazi kimekubali kuitengeneza. Carina ni kinyume chake, zimetengenezwa nyingi mno, na wingi huo ndio uliomwokoa Mwalimu: mlango mzima wa rangi ya fedha ulipatikana kwenye gari lililokufa, kwa bei ya chini kuliko kuutengeneza ule wa zamani.

Aliamua hivi. Sakafu ikakatwa na kuchomelewa bati jipya, kizingiti pia. Mlango ukabadilishwa, vitundu vya milango yote minne vikazibuliwa, na sasa anavichokoa mwenyewe kwa waya kila mvua zikikaribia. Boneti ikapigwa rangi, peke yake, kwa ajili ya Dodoma. Paa limebaki na mabaka, na alama ya bodaboda iko pale pale. Fundi hakufurahi, alitaka kupiga gari zima, na nadhani hata leo anaona kazi yake imeachwa nusu. Mke wa Mwalimu naye anasema boneti mpya imelifanya paa lionekane baya zaidi, na hajakosea.

Kabla bati jipya halijawekwa, Mwalimu alipiga picha za lile tundu kwa simu, moja bisibisi ikiwa imezama ndani yake. Anasema siku akiuza atamwonesha mnunuzi sakafu ilivyokuwa na ilivyotengenezwa. Dalali wa kijiweni alimshauri azifute, maana zitamshusha bei. Mwalimu akamuuliza, je, wewe ungelinunua bila kuziona?

"Mimi?" dalali akasema. "Mimi ningekuja na fundi wangu."